Namna ya Kufuatilia Asili ya Neno la Cheo cha Serikali: Mfano wa Liwali na Akida

Anayetaka kujua neno linalotaja mtumishi wa serikali lilitoka wapi na lilimaanisha nini, iwe ni kwa ajili ya insha, utafiti wa historia ya ukoo wake au kusoma barua za zamani, achague neno moja na kulifuata hadi mwisho kabla ya kugusa jingine. Hapa nitatumia zaidi neno liwali, ambalo wengi wamelisikia kwa wazee wa pwani bila kujua kwamba bado tunaishi na ndugu yake kila siku.

Anza na umbo. Wingi wa liwali ni maliwali, kama vile waziri na mawaziri, kadhi na makadhi, karani na makarani, lakini upatanisho wake hubaki wa watu, kwa maana tunasema maliwali walifika. Mpangilio huu ni dalili ya kwamba huenda neno limekopwa, ingawa hautoshi peke yake. Kisha jihadhari na silabi ya kwanza, kwa kuwa mtu anayejua ngeli za Kiswahili hushawishika kuiona kuwa kiambishi, ilhali ni mabaki ya al ya Kiarabu, ile ile iliyobaki wazi katika Alhamisi. Neno lenyewe ni al-wali, yaani mtawala wa eneo kwa niaba ya mwenye nchi.

Ukishaupata mzizi, tafuta maneno mengine yaliyozaliwa nao, kwani hapo ndipo maana hujitokeza vizuri zaidi kuliko katika fasili yoyote ya kamusi. Mzizi huu wa Kiarabu hubeba maana za ukaribu, ulinzi na usimamizi, na ndio uliotupa walii anayesimamia ndoa ya binti, na pia wilaya, ambayo kwa asili ni mamlaka au eneo la wali. Hadi leo nchini Oman kiongozi wa wilaya huitwa wali. Kwa hiyo Mtanzania anapomtaja Mkuu wa Wilaya, anatumia nusu ya jozi ambayo nusu yake ya pili, liwali, imetoka katika matumizi ya serikali.

Hatua inayofuata, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa mno, ni kuuliza neno lilifanya kazi gani hapa kwetu, kwa sababu asili ya neno haikuambii mwenye cheo alikuwa na uwezo gani. Masultani wa ukoo wa Busaidi waliotawala kutoka Zanzibar waliweka maliwali katika miji kama Mombasa, Lamu na Bagamoyo. Wajerumani walipoitwaa Tanganyika hawakukifuta cheo hicho, bali walikiingiza katika ngazi yao: liwali mjini, akida juu ya vijiji kadhaa, na jumbe kijijini. Upande wa Kenya, mkataba wa 1895 kati ya Sultani na Uingereza kuhusu ukanda wa pwani uliwaacha maliwali na makadhi kazini chini ya Waingereza.

Akida anaonyesha jinsi maana inavyoweza kuhama. Kwa Kiarabu, aqid ni kamanda, na katika majeshi mengi ya Kiarabu leo ni cheo cha kanali. Pwani yetu pia alikuwa mkuu wa kikosi. Chini ya Wajerumani akawa mtoza kodi na msimamizi wa kazi za lazima, mara nyingi mgeni kwa watu aliowatawala, na chuki dhidi yake ilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Anayesoma simulizi za vita hivyo akiwa na maana ya kijeshi peke yake kichwani hataelewa kwa nini watu wa kawaida walimchukia akida kiasi hicho.

Usiamini mfanano wa sauti. Jumbe, ambaye wingi wake ni majumbe, alikuwa mtawala wa mji au kijiji. Mjumbe, ambaye wingi wake ni wajumbe, ni mtu aliyetumwa au anayewakilisha wengine. Usiyachanganye katika maelezo yako.

Mwisho, linganisha kamusi za nyakati tofauti. Ile ya Krapf ya 1882 ilitungwa kabla ya ukoloni wa Kijerumani, ya Johnson ya 1939 ilitoka wakati wa Waingereza, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ilitoka baada ya uhuru. Andika matokeo yako kwa mpangilio huu: umbo na wingi, lugha ya asili na mzizi, kisha maana kwa kila kipindi na kila mahali, ukitenganisha pwani ya Kenya, Zanzibar na bara la Tanganyika, kwa kuwa cheo kimoja hakikuwa na kazi moja katika sehemu hizo tatu.