Kutafuta kazi ya jukwaani Marekani majira ya joto: anza na karatasi ya mpiga piano

Mpwa wangu anasomea tamthilia za muziki chuoni huku Marekani, na mwaka huu nimemsindikiza kwenye usaili wa kazi za majira ya joto. Mimi ni mpiga piano, nimelelewa na kwaya ya kanisa. Nawaandikia vijana waliotokea huko huko, maana kosa lililotutesa ni la watu wa kwaya.

Hatua ya 1: Kalenda

Usaili wa pamoja wa UPTA, wa Memphis, huwa Februari. SETC, wa majimbo ya kusini mashariki, huwa Machi. Hapo unaimba mara moja, kampuni nyingi zinakusikiliza kwa pamoja. Anza kujiandaa Oktoba.

Hatua ya 2: Picha na wasifu

Ukurasa mmoja, na picha inayofanana na wewe wa leo. Ukisuka upya, piga nyingine. Kama unajua kushona, kupaka rangi au kushika drili, andika. Kampuni ndogo humpenda mwimbaji wa namna hiyo.

Hatua ya 3: Nota za mpiga piano

Hapa tusiharakishe.

Wengi wetu tumejifunza kwa solfa. *Do* yako unaiweka popote sauti inapokaa vizuri, na mpiga kinanda wa kanisani anakufuata. Kwenye usaili, mpiga piano hajawahi kukuona, na atapiga kile kilichoandikwa tu. Nyumbani nilikuwa nampigia mpwa wangu wimbo wake nikiushusha toni mbili, kutoka G hadi E-flat, kwa mazoea ya vidole. Karatasi ilibaki na G. Siku ya usaili wa kwanza alipigiwa G. Alipofika kwenye sauti ya juu, koo likabana, na sekunde zake zikaisha. Alitoka akaniambia, "Mjomba, ule haukuwa wimbo wangu." Lawama ilikuwa yangu.

Kwa hiyo andika nota upya katika ufunguo unaouimba. Natumia MuseScore, ni programu ya bure, na sioni sababu ya kulipia nyingine. Usimwombe mpiga piano ashushe papo hapo, hata kama anaweza.

Kisha kata wimbo. Kwa kawaida wanataka vipimo (bar) 16 au 32 vya muziki, na muda wako wote ni kama sekunde 60 hadi 90. Weka mwanzo na mwisho waziwazi. Sehemu iliyorukwa usiifute kwa kalamu tu ukamwachia mtu mishale ya kufuata. Kata karatasi, gundisha, toa kopi mpya. Halafu itazame hiyo kopi chini kabisa. Mara nyingi mashine humeza mstari wa mkono wa kushoto, na mpiga piano anabaki bila besi. Tulilala saa nane usiku kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Chapisha pande zote mbili, utie kwenye faili jeusi la ringi. Karatasi zilizolegea zinaanguka. Mifuko ya plastiki inayong'aa inarudisha mwanga wa taa machoni. Tableti siipendi kabisa: inazima skrini katikati ya wimbo.

Ukifika kwenye piano, salimia, onyesha mwanzo na mwisho, kisha imba mstari wa kwanza kwa sauti ya chini ili apate mwendo. Usimpigie vidole. Ukimaliza, mshukuru.

Hatua ya 4: Viza

Hii ni kwa wenye F-1, viza ya mwanafunzi. Ukipewa kazi nje ya chuo, kwa kawaida unahitaji CPT, yaani kibali cha kufanya kazi ya mafunzo iliyo sehemu ya masomo yako. Kwa kawaida uwe umesoma mwaka mzima wa masomo, na kazi ihusiane na mtaala wako. Peleka barua ya kazi, yenye tarehe, mahali na saa, kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na usubiri I-20 mpya, ile hati ya chuo inayoambatana na viza yako, ikiwa na kibali hicho. Usifanye hata siku moja ya mazoezi kabla ya tarehe iliyoandikwa humo. Usidanganyike kwamba "hawanilipi, wananipa chumba na chakula tu". Hayo nayo ni malipo. Kampuni nyingi hazijui sheria hii, kwa hiyo iseme wewe, mapema.

Hatua ya 5: Ukishapata

Jiandae kuchoka. Kwenye kampuni nyingi mchana mnafanya mazoezi ya onyesho lijalo, usiku mnacheza la sasa, na likiisha mnabomoa seti, yaani mandhari yaliyojengwa jukwaani. Hata The Muny, kampuni kubwa ya tamthilia za muziki ya St. Louis, yenye uwanja wa wazi wa watu karibu 11,000, huandaa kila onyesho kwa chini ya wiki mbili. Jifunze muziki kabla ya kusafiri, nenda na viatu vya ngoma vilivyokwisha kulainika, na beba penseli nyingi. Mpwa wangu alifika na tatu, na kufikia Jumatano alikuwa anaazima.