Kushuka mlima kwa gari la otomatiki bila kuunguza breki

Ukishuka mlima Kitonga, Tanzania, kutoka Iringa kuelekea Morogoro, mara nyingi utanusa harufu ya kuungua kabla hujafika bondeni. Hizo ni breki pedi za gari lililo mbele yako, au zako. Dereva ameacha gia kwenye D, na mguu haujatoka kwenye breki tangu juu.

1. Kagua kabla ya safari.
Chungulia pedi za mbele kupitia matundu ya rimu. Pedi mpya ya gari dogo ina unene wa milimita 10 hivi. Zikibaki 3, badilisha. Kisha tazama mafuta ya breki kwenye kikopo chake. Yakiwa yamepungua usikimbilie kuongeza, kwa kuwa pedi zikilika mafuta hushuka yenyewe: anza na pedi, halafu tafuta panapovuja. Yakiwa meusi, au yamepita miaka 2, yamwagwe yote. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140 tu. Yakichemka hutoa mapovu, mapovu hubonyea, na pedeli inazama hadi chini huku gari likiendelea kwenda.

2. Weka gia ndogo ukiwa bado juu.
Punguza mwendo kabla mteremko haujaanza. Zima kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya juu kabisa) kama kipo. Mteremko ukiwa mkali weka 2, L, S au B, kutegemea gari lako. Gia inayofaa kushukia ni ile ambayo gari lingeihitaji kupanda mlima huohuo. Injini itanguruma, nawe usiogope: mizunguko 3,000 hadi 4,000 kwa dakika haiidhuru injini nzima ya petroli, mradi mshale uko mbali na alama nyekundu.

Wapo wanaoweka nyutro ili waokoe mafuta. Ni hasara tupu. Injini ya EFI (inayopuliziwa petroli kwa kompyuta) ikiteremka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, kompyuta hukata petroli kwenye nozeli. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kuchoma petroli ili isizimike, na hakuna tena kinacholizuia gari isipokuwa breki. Kuzima injini ni hatari zaidi: ukikanyaga breki mara 2 au 3 busta, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, inaishiwa nguvu, pedeli inakuwa ngumu, na usukani unakuwa mzito.

3. Kanyaga kwa nguvu, kisha achia kabisa.
Tuseme unashuka kwa 40. Gari likifika 50, kanyaga hadi lirudi 40, kisha ondoa mguu wote. Ule muda ambao pedi haigusi diski ndio diski inapopoa. Mguu uliopumzishwa kidogo tu juu ya pedeli unaunyima upepo nafasi hiyo.

Pedeli ikiwa ngumu lakini gari halishiki, pedi zimepata moto kupita kiasi. Ikiwa laini na inazama, mafuta yamechemka. Ipampu harakaharaka, shusha gia zaidi, tafuta pa kusimama. Usiendelee hadi breki zipoe.

4. Ukifika chini, usizimwagie breki maji.
Diski ya moto ikipata maji baridi inaweza kupinda au kupasuka, na usukani utatetemeka kila ukikanyaga breki. Endesha taratibu kilomita chache bila kugusa breki sana, ndipo usimame.

5. Kuegesha kwenye mteremko.
Wengi huweka P, wakaachia breki, kisha gari likasogea na kugonga “tak”. Mlio huo ni wa jino dogo la chuma ndani ya gia boksi lililobeba uzito wa gari zima. Fuata mpangilio huu: ukiwa umekanyaga breki weka N, vuta handibreki, achia pedeli polepole gari likae kwenye handibreki, kanyaga tena, ndipo uweke P. Wakati wa kuondoka, kanyaga breki, toa P kwanza, halafu handibreki.