Somo: Ikwalaiza kipofu haitulii? Anzia hapa

Wakuu, swali hili nimelijibu mara nyingi mno, sasa naliandika lote. Ikwalaiza ni kichujio cha kwenye kipokezi kinachofuta mwangwi wa chaneli, yaani njia ya mawimbi. Nazungumzia CMA (Constant Modulus Algorithm), algorithimu ya Godard ya mwaka 1980: ni kipofu kwa sababu inaondoa mwangwi bila mtumaji kutuma mfuatano unaojulikana.

1. Sawazisha nguvu ya mawimbi yanayoingia iwe 1.

2. Chukua sampuli mbili kwa kila alama (thamani moja inayotumwa).

3. Kokotoa R, lengo ambalo CMA huvuta ukubwa wa tokeo (kwa kipeo cha pili) ulifikie: wastani wa ukubwa wa alama kwa kipeo cha nne, gawa kwa wastani wa kipeo cha pili. QPSK (modulesheni ya alama 4) ni 1, 16-QAM (ya alama 16) ni 1.32. Ukikosea, nukta (alama ulizopokea zikichorwa) zitatulia vizuri ila kwa ukubwa usio wake.

4. Vizidisho vya kuanzia, yaani namba ambazo ikwalaiza huzidisha nazo sampuli. Hapa ndipo nilipoharibu. Niliweka 1 kwenye kizidisho cha kwanza, vingine sifuri, na chaneli yangu ilikuwa na mwangwi wenye nguvu kuliko wimbi lililotangulia. Kosa likashuka, likagota, nukta zikabaki wingu. Wiki mbili nikawa napunguza myu tu (ukubwa wa hatua katika kila sasisho la vizidisho). Haikusaidia, kwa sababu ikwalaiza ilishatumbukia kwenye bonde lisilo lake, na hatua fupi hazimtoi mtu bondeni. WEKA 1 KATIKATI, ipate sampuli za kabla na za baada. USIWEKE VYOTE SIFURI: sasisho huzidishwa na tokeo, tokeo likiwa sifuri hakuna kitakachosogea milele. Na katikati si dhamana. Ikikwama, sogeza hiyo 1 nafasi mbili tatu, anza upya.

5. Anza na myu ndogo, mfano 0.001.

6. Nukta zikitengana, rekebisha fezi (pembe ambayo nukta zimezungushwa), kisha hamia DD-LMS, algorithimu inayopima kosa kutoka alama halali iliyo karibu zaidi. Si kabla.

MASWALI

— Mkuu, yangu haitulii. Msaada wa haraka.
Modulesheni gani? R ngapi? 1 umeiweka wapi? Rudi hatua ya 3 na ya 4.

— Nimesoma yote. Vizidisho vinalipuka.
Hukufanya hatua ya 1. Mawimbi yakikua mara mbili, sasisho hukua karibu mara 16. Kwa hiyo myu iliyomfaa mwenzako kwako ni sumu.

— Mbona unajibu kwa ukali? Wengine ndio tunaanza.
Anayeanza namkaribisha. Ila bila namba siwezi kujua ulipokwama.

— Nukta zangu zimetengana, lakini mraba wote unazunguka polepole. Nimekosea wapi?
Hujakosea. CMA huangalia ukubwa tu, mzunguko haiuoni. Masafa ya kipokezi chako hayalingani na ya mtumaji. Weka kitanzi cha kufunga fezi baada ya ikwalaiza. Hata ukifunga, mraba una sura ileile kila digrii 90, hivyo simba data kwa tofauti kati ya alama na alama.

— Kwa 16-QAM kosa halifiki sifuri hata nikiondoa kelele yote. Kwa nini?
Swali zuri sana hili. Nukta 16 zimekaa kwenye duara tatu, ukubwa wake kwa kipeo cha pili ni 0.2, 1 na 1.8. Hakuna hata moja yenye 1.32! Kila alama inaleta kosa, hata ikwalaiza ikiwa kamili, na vizidisho vinatetemeka. Ndiyo maana ya hatua ya 6. Mimi nahama nikiziona zote 16 kwa macho.

— Nyongeza: wenye RTL-SDR (kipokezi cha redio cha USB), zimeni AGC, kirekebishaji cha ukubwa cha kiotomatiki. Kwangu ilikuwa inabadilisha ukubwa katikati ya kazi.
Kweli kabisa, asante. Na rekodi sampuli kwenye faili, ujaribu myu zote juu ya data ileile.