Namba ya haidroksili kwenye poliesta: angalia asidi kwanza kabla hujamwaga glaikoli

Wadau wa rezini, hii ni ya poliesta za kuchanganya na hadina (kigumishi) ya aisosianeti, zile za vanishi na rangi. Haidroksili (vikundi vya OH kwenye rezini, namba yake inahesabiwa kwa miligramu za KOH kwa gramu ya rezini) ndo inayoshikana na hadina, ikipungua filamu inabaki laini mpaka kucha inaingia.

Kupima: weka gramu 5 za rezini kwenye flaski kavu kabisa maana maji yanakula anhaidridi, tia kwa pipeti mililita 5 za mchanganyiko (asetiki anhaidridi sehemu 1, piridini sehemu 4), funga kondensa, chemsha kwenye bafu la maji nyuzi 95 hadi 100 kwa saa 1. Tia maji kidogo, acha dakika 10 ili anhaidridi iliyobaki iishe, poza, weka fenolfthalini, titreti na KOH (potasiamu haidroksaidi) ya 0.5 N mpaka upinki ukae. Fanya na blanki hivyohivyo bila rezini. Piridini ni sumu jamani, kazi yote ifanyike kwenye chemba ya kuvuta hewa.

Mfano blanki imekula mililita 42.4 za KOH, sampo 36.2. Tofauti 6.2 mara 0.5 mara 56.1 (uzito wa molekuli wa KOH) gawa kwa gramu 5, unapata 34.8. Jumlisha namba ya asidi uliyopima pembeni, tuseme 15, inakuwa 49.8.

Sasa hapa ndo watu wanaumia. Tulikuwa tunatafuta haidroksili 50 na asidi 5, shifti ya usiku wakaona 49.8 wakasema ipo sawa, wakaendelea kupika, asubuhi asidi imefika 5 na haidroksili ipo 40! Kila asidi moja inayoisha inaondoka na haidroksili moja, kwahiyo namba ya kuiamini riakta ikiwa bado inapika ni ile 34.8 kabla hujajumlisha, haibadiliki sana kama glaikoli (alkoholi yenye haidroksili mbili, ndo inayoleta haidroksili) haitoroki. Sisi tulitaka 50 toa 5, yaani 45, kumbe tulipungukiwa 10.2 tangu usiku.

Kurekebisha, neopentili glaikoli yenyewe ina haidroksili 1077. Kwa kilo 1000: 10.2 mara 1000, gawa kwa (1077 toa 45), ni kama kilo 9.9. Shusha joto mpaka 180 hivi, mwaga, rudisha 200 hadi 220 chini ya naitrojeni, na macho yako yawe kwenye joto la kichwa cha kolamu (pale mvuke wa maji unapotokea), kisipande sana juu ya nyuzi 100, kikipanda ujue glaikoli inatoka na maji na hesabu yako inaharibika.

Haidroksili ikizidi, ongeza adipiki asidi (yenyewe ina namba ya asidi 768) au vuta vakyumu, ila mnato utapanda, na kama kuna trimethilolpropani (alkoholi yenye haidroksili tatu) nenda polepole sana isije ikaganda ndani ya riakta. Baada ya saa 2 pima tena zote tatu, asidi, haidroksili na mnato.