Kuku wa uani na hali ya hewa: ninavyokagua banda hatua kwa hatua

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga niliogopa baridi kuliko mwewe. Usiku mmoja upepo ulipoanza kuvuma nililizungushia banda turubai pande zote, nikaziba hata uwazi wa chini ya paa, nikaenda kulala roho kwatu. Asubuhi nilipofungua mlango, harufu kali ya kinyesi ilinitoa machozi. Kuta zilikuwa zimelowa kana kwamba mvua imenyesha ndani, na mitetea miwili ilikuwa inakoroma. Baridi haikuwa imewafanya kitu. Kilichowadhuru ni pumzi zao wenyewe na kinyesi chao, mvuke wote umekosa pa kutokea.

Siku hizi ukaguzi wangu unaanzia sakafuni, kwenye mawingu natazama baadaye.

Hatua ya 1: Yakamue maranda

Kabla ya kulisha, chota konzi moja ya maranda chini ya fito za kulalia na nyingine karibu na chombo cha maji. Kamua, kisha fungua kiganja. Yakiachana polepole, yako sawa. Yakibaki donge, yamelowa: toa yote ya sehemu ile, weka makavu. Yakitimka vumbi, yamekauka kupita kiasi, na vumbi hilo ndilo watakalovuta usiku kucha. Mimi huweka unene wa sentimita 8 hadi 10.

Usiione kazi hii ya kipuuzi. Vimelea vya koksidiosisi, ugonjwa wa utumbo unaowaharisha kuku damu, hutoka na kinyesi vikiwa bado haviwezi kuambukiza. Vikipata joto na unyevu, siku 1 au 2 zinatosha kuvikomaza. Ndiyo maana kuharisha damu kwa vifaranga hufuatana na mvua. Sakafu kavu huvikatia njia kabla hujafikiria dawa.

Halafu chuchumaa, pua yako iwe usawa wa kuku. Ukiwa umesimama utasema banda halinuki. Chini kule, macho yakiwasha, ujue wao wameikesha hewa hiyo.

Hatua ya 2: Hewa ipite juu ya vichwa

Kuku anahitaji hewa ila hapendi kupigwa na upepo akiwa amelala. Acha uwazi wenye wavu chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, juu kuliko fito. Kuanzia usawa wa fito kushuka chini, upande unaotoka upepo ukuta uwe mzima. Usiku funga unyoya mwepesi kwenye uzi, uning'inize pale wanapolala. Ukitulia, lala na wewe. Ukipepea, tafuta tundu.

Fito ziwe bapa kidogo, ili kuku akikaa manyoya ya tumbo yamfunike vidole. Sentimita 20 hadi 25 kwa kila mmoja zinatosha, na kwenye baridi wenyewe watasogeleana. Hata kwenye baridi ya kugandisha maji kanuni ni ileile: undu, kile kishungi chekundu kichwani, huungua kwa baridi upesi zaidi bandani mwenye unyevu kuliko bandani mkavu.

Hatua ya 3: Siku ya joto, panga saa

Hapa ndipo nimepoteza kuku wengi. Kuku hana tezi za jasho, na mwili wake kwa kawaida una nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi. Njia zake za kupoa ni kuhema, kuinua mabawa, na kupeleka damu kwenye undu na ndevu, zile nyama nyekundu zinazoning'inia chini ya mdomo. Hewa ikivuka nyuzi 30 naanza kuwaangalia midomo.

Walishe alfajiri. Ikifika saa 4 asubuhi naondoa chakula, narudisha saa 10 jioni, kwa sababu kusaga chakula tumboni nako huzalisha joto. Mwanzoni niliona ni kuwatesa njaa. Sivyo, wanafidia jioni, na wanakula kwa utulivu.

Maji ndiyo uhai wao. Mtetea anayetaga hunywa kama robo lita siku ya kawaida, na siku ya joto kali anaweza kufika nusu lita. Lakini maji yaliyopata moto juani hayanywi, atakaa na kiu pembeni ya chombo kilichojaa. Weka vyombo kivulini, viwe viwili au zaidi, maana mnyonge hufukuzwa kwenye kile kimoja. Badilisha saa 6 mchana, na hilo usimwachie mtu "akikumbuka".

Mayai ya ganda laini wakati wa joto huwafanya wafugaji wakimbilie chokaa ya kulishia. Kuku anayehema sana hupoteza hewa ya ukaa kupita kiasi, damu hubadilika, na utengenezaji wa ganda hudhoofika. Isitoshe, anakula kidogo. Ongeza chokaa ukitaka, ila tangulia na kivuli.

Ukimkuta kuku amelegea, shingo imenyooka, undu umegeuka zambarau, mpeleke kivulini umtumbukize miguu na kifua kwenye maji ya baridi ya kawaida, yasiwe ya barafu. Usimmiminie maji mdomoni. Mwekee chombo, anywe mwenyewe, vinginevyo yataingia kwenye njia ya hewa. Na mchana wa jua kali usikamate wala kuchanja kuku. Purukushani pekee inaweza kumuua.

Hatua ya 4: Mvua

Chimba mfereji kuzunguka banda kabla mvua hazijaanza. Ongeza paa litokeze ili matone yasirukie ndani, na mlangoni mwaga kokoto, wafute miguu wakiingia.

Chakula kiweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Kikishika ukungu au kuganda mabonge, kitupe chote. Kuchambua upande mzuri hakusaidii, kwani sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haionekani kwa macho na haiondoki kwa kuanika juani. Mwaga pia maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi, kwa sababu mbu wanaozaliwa humo hueneza ndui ya kuku.

Hatua ya 5: Vifaranga wana kipimajoto chao

Wiki ya kwanza bruda, sehemu ya kulelea vifaranga chini ya taa ya joto, iwe na nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama 3 kila wiki. Lakini ukiwa na macho, namba ni za kuthibitisha tu. Wakirundikana chini ya taa wakilia, wana baridi. Wakikimbilia kingo huku wakihema, punguza joto. Wakijazana upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika, huyu anakula, yule kalala chali kama mlevi, waache.

Hatua ya 6: Jioni, hesabu na uandike

Wakishapanda fito, wahesabu kwa tochi na papasa magole, ile mifuko ya chakula chini ya shingo. Gole tupu jioni linaweza kuwa dalili ya mapema ya kuku anayeumwa. Kisha andika joto la juu la siku, maji yaliyotumika na mayai. Dakika 2 tu. Daftari ndilo lililonionyesha kwamba maji huongezeka siku ileile ya joto, ila mayai hupungua siku zinazofuata, wakati mimi nimeshasahau jua na naanza kulaumu chakula.

Jana niliandika: nyuzi 34, lita 6 kwa kuku 14, mayai 8, moja ganda laini. Leo nimeongeza chombo cha tatu, chini ya mti.