Juisi kwanza, maji ya gesi mwisho

Ukitaka kinywaji cha matunda kisicho na kilevi kibaki kinachangamka hadi mgeni amalize glasi, weka kila kitu kwenye friji tangu usiku: juisi, maji ya gesi, hata glasi zenyewe. Wakati wa kuandaa, tia juisi kwanza, kama theluthi ya glasi, kisha iinamishe na umimine maji ya gesi taratibu yakipita ubavuni. Usikoroge, yatajichanganya yenyewe. Gesi ile ni kaboni dioksaidi, nayo hukaa zaidi ndani ya kinywaji baridi. Kikipata joto au kutikiswa, inatoroka. Barafu haiokoi soda ya vuguvugu, inaifanya itoe povu tu.

Mbinu hii hushindwa kwa juisi nzito, kama ya embe lililosagwa bila kuchujwa. Mapovu huanzia kwenye vile vinyuzi, yanafurika mezani, na gesi inaisha hapo hapo. Ichuje kwa kitambaa chepesi, hata mara mbili. Na usichanganye jagi zima mapema! Mimina glasi moja moja, wageni wakiwa wameshaketi.