Familia ya kizungu iliyoasili mtoto wa kiafrika ikikuomba msaada, ielekeze hivi mtandaoni

Mlioko Marekani na Ulaya hii mnaijua, mama wa kizungu anakufuata kanisani au getini shuleni, ana mtoto mweusi aliyemuasili, anauliza kama unaweza kumfundisha mtoto Kiswahili au kumsuka. Msimkwepe jamani. Wengi wanatafuta msaada kwa moyo kabisa, ila mtandaoni vitu ni vingi mpaka vinachanganya, sasa mimi huwa nawaelekeza hivi.

Kabla ya kutuma linki yoyote uliza mtoto katoka wapi hasa na ana miaka mingapi. Wa Goma, Bukavu au Lubumbashi sawa, Kiswahili ni chake, japo ni kile cha Kongo na sio cha vitabu vyetu, ila wa Kinshasa huyo ni Lingala, na wa Ethiopia inaweza kuwa Kiamhara au Kioromo, hapo Kiswahili chako hakimrudishi kwao hata kidogo, bora umtafutie Mhabeshi. Umri nao una maana yake. Kongo ilisimamisha vibali vya watoto walioasiliwa kutoka nchini Septemba 2013, Kenya ikasitisha wageni kuasili Novemba 2014, Ethiopia ikapiga marufuku kabisa Januari 2018, kwa hiyo wengi wa watoto hao sasa ni vijana wenye simu zao wenyewe na wana maswali mazito.

Halafu makaratasi, na hili kwa walioko Marekani naomba mlisisitize hata kama mzazi anaona mnamwingilia. Sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000, ile inayompa mtoto aliyeasiliwa uraia moja kwa moja, ilianza kazi 27 Februari 2001, na waliokuwa wameshafika miaka 18 siku hiyo iliwaacha nje, wapo watu walioletwa wakiwa wadogo kabisa wakaja kufukuzwa nchini ukubwani. Mtoto aliyeingia na viza ya IR-3, yaani kuasili kulishakamilika huko alikotoka, anakuwa raia akishaingia, lakini wa IR-4 lazima kwanza kuasili kukamilishwe Marekani, na yote hayo kabla hajafika 18. Cheti cha uraia kinaombwa kwa fomu N-600, fomu yenyewe ipo bure kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, na tangu 2024 wengi wa walioasiliwa hawalipi ada. Mwambie mzazi akague leo viza ilikuwa ipi na cheti kiko wapi, asingoje mtoto aanze kuomba chuo.

Sasa magrupu. Facebook imejaa magrupu ya wazazi, na mengi wazazi wanafarijiana wao kwa wao, aliyeasiliwa mwenyewe humsikii. Mimi naamini sehemu ya kuanzia ni kwa watu wazima walioasiliwa, maana wao wamekulia katika nyumba hizo wakiwa weusi peke yao na wanajua kinachouma. Kuna Intercountry Adoptee Voices, ilianzia Australia 1998, inaongozwa na walioasiliwa kutoka nchi mbalimbali. Kuna Pact ya California, hao kazi yao hasa ni familia zenye watoto wasio wazungu, wana mafunzo ya mtandaoni na kambi ya familia. Uingereza kuna Adoption UK, shirika la kusaidia familia zilizoasili. Kwa kusoma tu bila kujiunga popote kuna Child Welfare Information Gateway, ni ya serikali ya Marekani, bure.

Mzazi akijoini grupu lolote asome kwanza, asikimbilie kuposti. Aangalie adimini ni nani, na aliyeasiliwa akisema jambo chungu anasikilizwa au anaambiwa hana shukrani, kama ni hilo la pili atoke. Na picha ya mtoto pamoja na habari za mama yake mzazi, kwa nini alimtoa, aliugua nini, hizo haziwekwi hata kwenye grupu la siri, ni za mtoto, ataamua mwenyewe akikua.

Kuna na hili letu sisi. Ukiwa Mtanzania au Mkenya uliyekuja mtu mzima hujui kukua mweusi Marekani kukoje, kwa mambo ya polisi na ya kutukanwa shuleni waambie wawatafute Wamarekani weusi wenyewe, sisi tusijifanye wataalamu.

Kijana akitaka kutafuta ndugu hapo twende taratibu. Karatasi za kuasili zinaweza kusema uongo, Agosti 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na wakili mmoja kwa mpango wa kuwatoa watoto kwa familia zao kwa udanganyifu, wazazi waliahidiwa watoto wanaenda kusoma. Kwetu mtoto kulelewa na shangazi mjini hakumuondoi kwa mama yake, kwa hiyo unaweza kukuta kule nyumbani watu bado wanamsubiri. Vipimo vya DNA vinasaidia kiasi, Waafrika waliopima ni wachache kwa hiyo mara nyingi anapata binamu wa mbali tu, na 23andMe, moja ya kampuni za vipimo hivyo, iliibiwa data 2023 ikafilisika 2025, afikirie kabla ya kutuma mate. Asiposti picha yake kwenye magrupu ya mji aliotoka, watajitokeza akina mama watatu wote wanaomba hela. Atafute mtu mmoja anayeaminika aende mpaka kijijini, na hela isitumwe mpaka ndugu wathibitike.

Nywele YouTube zimejaa, waambie tu watafute vidio za nywele kipilipili, zichanwe zikiwa na maji na mafuta, kitana cha meno mapana, waanzie nchani kwenda kwenye shina, usiku kilemba cha satini. Wakishindwa wape namba ya msusi, ila wampigie kwanza waulize bei na muda, rasta ndogondogo zinakula masaa, mtoto aende ameshiba na abebe cha kuangalia.